Mianzi ya Verediana na Bustani ya Bwana Duara

Kisu kilikuwa mdomoni na mguu mmoja ulikuwa hewani. Verediana aliuvuta mwanzi mchanga mpaka ukapinda kama mgongo wa kikongwe, akakitoa kisu mdomoni, akaikata ncha kwa pigo moja. Maji yakaanza kudondoka ndani ya mbeta, kile kikopo cha mwanzi kinachofungwa chini ya jeraha. Huo ndio ulanzi. Haupatikani kwa upole. Mwanzi hujeruhiwa asubuhi, hujeruhiwa tena jioni, na ukiuonea huruma jeraha hufunga, nayo pombe ya watu inakuwa imekwisha mpaka masika mengine.

"Leo unaikata kama imekukosea, shoga," Bibie alisema kutoka chini. Alikuwa amechutama mbele ya karai lake la vitumbua, kanga mbili mwilini, ya tatu kichwani, kwa sababu baridi ya Iringa haijali kama babu yako alitoka Pwani.

"Leo Mzungu anakuja."

"Mbona anakuja kila siku?"

"Leo anakuja kuamua."

Bibie akageuza kitumbua.

Chini ya miguu yao mto Ruaha Mdogo ulikuwa umevimba kama shavu lenye jino bovu, rangi ya chai ya maziwa, ukibeba magogo, na juzi ulibeba mbuzi mzima aliyekuwa bado analalamika. Hapo bondeni, chini ya mji, kabla ya daraja, palikuwa na mawe mapana ya kufulia, na nyuma ya mawe palikuwa na mianzi ya Verediana. Aliachiwa na mama yake, naye mama aliachiwa na mama yake. Uheheni ardhi inaweza kuwa ya Serikali, ya mtwa, yule chifu wa Wahehe, au ya mtu yeyote mwenye bunduki, lakini mianzi ina mwenyewe, na hata mwizi anajua ni ya nani.

Hakuna aliyekaa akapanga kwamba watu wakutane hapo. Walikutana tu. Wanawake walifua. Mataniboi wa malori ya Mbeya walishuka kuosha magurudumu, wakapanda wamelewa. Wazee walichimba mashimo ya bao kwenye mwamba. Kinyozi alitundika kioo chake kwenye mwanzi. Kesi ambazo barazani zingechukua mwaka hapo zilikwisha kwa ngumi chache na kata ya ulanzi. Pakaitwa Kwa Vere, na dereva yeyote kutoka Chunya mpaka Dodoma alipajua, hata yule asiyejua jina la mkewe.

Sasa mwaka ule, hamsini na sita, alishuka kutoka Dar es Salaam Mzungu wa ramani. Jina lake lilikuwa gumu kulitamka, basi watu wakamwita Bwana Duara, kwa kuwa kila alichochora kilikuwa duara. Duara la bendi. Duara la maua. Njia ya duara ya kutembea bila kufika popote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uso mwekundu wenye furaha, na alikuwa ameota ndoto moja tu: kando ya mto pawe mahali pazuri ambapo watu watakusanyika.

"Hapa!" alipiga kelele siku ya kwanza, akielekeza fimbo yake katikati ya watu waliokuwa wamekusanyika. "Hapa watu takusanyika!"

Watu wakageuka kutazama nyuma yao, wakidhani anasema na wengine.

Mkuu wa kazi ya bustani alikuwa Liberatus, Mngoni wa Songea, bonge la mtu, mwenye sauti ya kuamsha maiti wa Kalenga. Yeye ndiye aliyewaita watu kuichungulia ramani siku moja Bwana Duara alipokwenda kula. Ilikuwa karatasi kubwa kama shuka, imepakwa rangi. Walichorwa mabibi wenye miavuli, watoto wenye kofia, mabwana wenye fimbo. Walichorwa mabata. Kulikuwa na mabenchi yenye mgongo, na Liberatus akaeleza hayo ni ya Wazungu. Yale yasiyo na mgongo ni ya Wahindi.

"Na sisi?" Verediana aliuliza.

"Nyinyi mna njia hii. Mnapita."

"Tunapita kwenda wapi?"

"Kwenda zenu."

Verediana akainama karibu na karatasi. "Na hiki nini? Mbwa?"

"Mbwa."

"Mbwa kawekwa, sisi hatumo."

"Na huyo mbwa hatakaa," Liberatus alisema, uso mkavu kabisa. "Akinusa tu kwamba jirani kuna Wahehe, anavuka mto usiku huo huo. Anajua chungu chenu."

Watu walicheka mpaka taniboi mmoja akaanguka mtoni, akaja kunaswa darajani kwa ukosi wa shati. Kama hakuzama ni kwa sababu alikuwa bado anacheka na tumbo limejaa hewa. Ndivyo wanavyosema waliomvua.

Verediana hakucheka. Alimpiga Liberatus kibao cha kisogo kilichomfanya aione Songea.

"Mla panya! Babu yako alikuja Uheheni na mkuki, akarudi na mgongo!"

"Babu yangu alirudi na nyanya yako begani!"

Hivyo ndivyo Mhehe na Mngoni wanavyoamkiana. Mababu zao walichinjana mpaka wakachoka, kisha wakakubaliana kwamba wajukuu watachinjana kwa mdomo. Mtani anakunyang'anya kofia, anakumwagia maji, anakalia kiti chako msibani na kukataa maiti yenu isitoke mpaka mmpe kuku. Nawe huruhusiwi kukasirika. Ila ukifa wewe, yeye ndiye atakayeshika jembe la kuchimba kaburi. Mtu na mtani wake hawapeani shikamoo. Siku utakayowasikia wanaamkiana kwa adabu, jua kuna kitu kimekufa.

Na ni mtani huyo huyo aliyekuwa ameishika shingo ya Verediana mkononi. Kwa maana Bwana Duara alikuwa amesema, mbele ya watu: ile mianzi, kama mahali hapa ni pa amani, itabaki iwe kivuli nyuma ya bendi, na mwanamke abaki nayo. Kama ni mahali pa ulevi na vita, itakatwa na mizizi ichimbwe. Neno la nyapara wake, Liberatus, ndilo atakalolisikia. Leo, saa sita, atakuja kulisikia.

"Usiwe na wasiwasi, we mla mbwa," Liberatus alimwambia jana yake. "Nitamwambia hapa ni pa amani kuliko kanisa la Tosamaganga. Kisha utanilisha ulanzi mpaka nife."

"Kufa utakufa tu, na mimi ndiye nitakayekufukia. Kichwa chini."

"Ahsante, mtani."

Basi asubuhi hiyo Verediana aliamua kulinda amani. Aliilinda kwa fimbo ya mwanzi. Kabla jua halijapanda alikuwa amewatenganisha wanawake wawili waliokuwa wakigombea jiwe la kufulia, mmoja ameshang'atwa sikio na damu inatiririka mpaka kwenye shuka za Wahindi walizokuwa wakizifua.

"Leo hapana ngumi!" alipiga kelele, akigawa viboko kushoto na kulia. "Leo hapa ni pa amani! Nani mwingine anataka kupigana? Njoo nikuue!"

Wakarudi kila mmoja kwenye nguo zake. Mlevi mmoja aliyeanza kuimba matusi alibebwa na watu wanne akalazwa chini ya lori. Wacheza bao walitakiwa kucheza bila kutukanana, jambo lililowashinda, wakaacha. Kufika saa nne palikuwa na utulivu wa kutisha. Kinyozi alisema kazi inamshinda, hajazoea kunyoa penye kimya.

"Naona kama tunasubiri maiti," Bibie alinong'ona.

Saa sita kasoro Liberatus akashuka kutoka juu alikokuwa akiwasimamia vibarua kupaka mawe chokaa. Alikuwa na habari. Alikuwa nayo usoni, midomo imeshindwa kuifunika. Bwana Duara amemwahidi kwamba bustani ikiisha, yeye ndiye mlinzi wake. Nyumba ya matofali. Kaptula na koti la kaki.

"Vifungo vya shaba, Vere! Sita mbele, viwili mabegani!"

"Utavila?"

"Nitaviangalia." Kisha akatazama huku na huku, akaona watu wamekaa kama wako kwenye foleni ya zahanati. "Hawa wamefanya nini? Mbona mnatia huruma? Bwana akija akawaona hivi atadhani mmepigwa na tauni!"

Naye, kwa furaha yake, kwa kuwa watu wanyonge walikuwa wakimuumiza moyo, akafanya alichofanya kila siku. Aliifungua mbeta moja kutoka kwenye mwanzi, akaiinua juu kama ngao.

"Wangoni tumeiteka mianzi hii! Nyara ya babu yangu! Wahehe, pigeni magoti!"

Kimya kikapasuka. Wanawake walipiga vigelegele, wazee wakasimama, mlevi akatoka chini ya lori. Na Verediana, aliyekuwa amekaa na roho juu tangu alfajiri, akaona kwamba mtani akikuteka mbele ya watu nawe ukikaa, umetekwa kweli. Akaitupa ile fimbo ya amani, akachukua kata ya kuchotea ulanzi, akamwendea.

Alikuwa mwanamke mfupi. Lakini alimchota miguu Liberatus kama unavyong'olewa muhogo kwenye mchanga, na bonge lile likaanguka kwa kishindo kilichowatoa kumbikumbi ardhini. Akamkalia kifuani. Akamjaza machicha ya ulanzi mdomoni. Akampiga na kata utosini, na shavuni, na pigo la tatu likateleza likapasua pua, damu ikachanganyika na machicha, watu wakashangilia.

"Sema mianzi ya nani!"

"Ya Wangoni!"

Pu!

"Ya nani?"

"Nauawa!" Liberatus alinguruma, akicheka, miguu inapiga hewa. "Serikali! Serikali, nisaidie! Mhehe ananiua!"

Ukiiita Serikali kwa mzaha, huja kweli.

Sajini Anyitike alikuwa Mnyakyusa, amehamishiwa Iringa kutoka Mbeya jana yake tu. Hakujua mto, hakujua watu, hakujua kwamba kuna pembe ya dunia ambapo mtu hupigwa kwa upendo. Alikuwa ametumwa atangulie kusafisha njia kabla Bwana hajafika. Alipokuwa anashuka bondeni na askari wawili akasikia nyapara wa Serikali anapiga ukunga, akaona damu, akaona mwanamke amemkalia mtumishi kifuani na watu wanashangilia. Alikimbia. Rungu lilishuka mara moja.

Mkono wa Verediana ulitoa sauti ambayo wote waliokuwepo waliijua. Ni sauti ya mwanzi mkavu unaovunjwa kwa goti.

Kata ikaanguka ikabingirika mpaka majini. Yeye mwenyewe hakulia. Aliutazama mkono wake, uliokuwa na kiwiko kimoja zaidi, kama mtu anayetazama kitu cha jirani kilichosahaulika kwake. Rungu la pili likampata begani, akalala kifudifudi.

"Utani!" watu walipiga kelele. "Afande, ni utani! Ni watani hao!"

"Utani gani wa kupasua mtu pua?" Sajini alisema. Alikuwa anahema. "Rudini nyuma! Rudini!"

Hawakurudi. Taniboi mmoja alitupa jiwe, likampata askari kwenye meno. Yule askari akatema damu, akaingia kwenye kundi kwa rungu kama mtu anayepura maharage. Mzee wa bao alipigwa mbavuni. Kioo cha kinyozi kilivunjika, na kinyozi mwenyewe, wembe mkononi, akakimbia kukwepa kesi asiyoitaka, akapita katikati ya vita vyote na povu la mteja likiwa bado kwenye vidole.

Ndipo akafika Bwana Duara, ramani chini ya kwapa.

Wote walisimama. Alitazama damu kwenye mawe ya kufulia. Alitazama shuka zilizokanyagwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja harusini akakuta bwana harusi amenyongwa.

"Hii nini?" alisema. "Hii nini?"

"Mwanamke alikuwa anamuua nyapara, Bwana," Sajini alisema, amesimama wima. "Mimi nimezuia."

"Si kweli!" Bibie alilia. "Bwana, hawa ni watani! Wanataniana tu, kila siku!"

"Nini, tani?" Bwana Duara aliuliza. Neno hilo hakuwa nalo. Alimgeukia Liberatus, aliyekuwa amesimama sasa, machicha kwenye nyusi, damu kidevuni. Sauti ya Bwana ilikuwa ya upole. Ni kweli alitaka kujua. "Nyapara. Wewe sema. Mwanamke yeye piga wewe? Ndiyo au hapana?"

Liberatus akafungua mdomo. Kila mtu pale aliona alichotaka kusema, kilikuwa kimefika kwenye ulimi.

Lakini kilikuwa kirefu. Kingeanza na mababu na mikuki, kingepita kwenye misiba na kuku, na mwishowe kingesema kwamba nyapara alikuwa anacheza saa za kazi, na kwamba sajini amemvunja mwanamke mkono bure. Sajini alikuwa anamtazama, rungu limelala kwenye kiganja. Bwana alikuwa anamtazama, na nyuma ya Bwana, juu ya kilima, matofali ya nyumba ya mlinzi yalikuwa yameshapangwa mpaka kwenye madirisha.

"Nyapara. Ndiyo au hapana?"

"Liberatus," Verediana alisema kutoka chini, mdomo kwenye udongo. "Mwambie, mtani."

"Ndiyo, Bwana," Liberatus alisema. "Amenipiga."

Wala hakuwa amesema uongo. Pua yake ilikuwa shahidi.

Bwana Duara akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Hapa hapana amani," alisema. "Kata yote. Chimba mizizi."

Vibarua walikataa. Walikuwa wamekunywa pale tangu wabalehe. Mmoja alizaliwa pale, mama yake akiwa anafua. Sajini hakubishana nao. Alimchukua wa kwanza kwenye mstari, akampiga magotini, akampa panga. Wa pili alichukua panga mwenyewe.

Walimfunga Verediana kwenye bodi ya lori kwa mkono mmoja ule uliobaki, ili asifanye fujo, akatazama. Mianzi ikikatwa katika masika hailii kama mti. Inapiga kelele ya kuzomea, kisha inatema. Kila pigo lilirusha maji meupe usoni mwa mkataji, matamu, ya togwa, na mikono ya vibarua ikawa inanata na panga zikawa zinateleza. Mmoja alijikata kiganja mpaka mfupa. Wakamfunga kitambaa, akaendelea. Mbeta zilikanyagwa zikapasuka moja moja, pa, pa, na harufu ya ulanzi mbichi ikajaa bonde zima. Nyuki walikuja. Wakawauma askari na vibarua bila ubaguzi, kitu ambacho Serikali ilikuwa haijakiweza.

Bwana Duara alitandaza ramani yake juu ya jiwe la kufulia, aonyeshe duara la bendi lianzie wapi. Akaweka vijiwe pembeni isipeperuke.

Bibie alikuja taratibu, kama mtu anayeleta chai. Alikuwa amelishika karai lake kwa ncha za kanga. Mafuta yalikuwa yanachemka, kitumbua kimoja bado kinaogelea katikati. Alilimwaga lote juu ya ramani.

Karatasi ilifoka. Mabibi wenye miavuli walikunjamana. Watoto wenye kofia wakawa angavu mpaka jiwe likaonekana chini yao, na mabenchi yenye mgongo yakakauka na kupinda pamoja na yale yasiyo na mgongo. Tone moja lilimrukia Bwana kwenye kidole, akapiga yowe. Mbwa alibaki. Kile kitumbua kilikuwa kimemwangukia.

"Bismillahi, karibuni chakula," Bibie alisema.

Rungu lilimpata mdomoni. Aliyatema meno mawili kiganjani, akayafunga kwenye pindo la kanga kwa utulivu, akanyoosha mikono yake afungwe.

Lori lilipopanda mlima kwenda Boma, lilipita karibu na Liberatus, amesimama kando ya njia, amejiosha uso. Watu wakasogea karibu. Walijua Verediana atamtukana; walisubiri tusi ambalo wangelisimulia mpaka Kilolo. Hata Liberatus alilisubiri. Aliinua kidevu chake kama mtu anayejitolea kunyolewa.

Verediana alimtazama tu. Lori likapita.

* * *

Kabla masika hayajakatika bustani ilikuwa tayari. Ramani nyingine ilichorwa, na yote yaliyokuwamo yakajengwa: duara la bendi la saruji mahali pa mianzi, njia ya duara, mawe meupe, mabenchi ya namna mbili, na kibao kilichosema ni marufuku kufua, kuuza, kunywa, kucheza ngoma na kukaa kwenye nyasi. Palikuwa pazuri, hakuna anayekataa. Pangeweza kukusanya watu mia tatu.

Siku ya ufunguzi mgeni mkubwa alikuja kutoka Dar es Salaam na mkewe. Bendi ya polisi ilikuja. Wazungu wa mjini walikaa kwenye mabenchi yenye mgongo, wachache, wamejikunyata, kwa sababu upepo wa mtoni siku hiyo ulikuwa unakata mpaka mifupa, na mbu hawakuwa wamesoma kibao. Wahindi walituma salamu. Bendi ilipiga wimbo, ikamaliza, na makofi yalikuwa machache hata mto uliyashinda.

Mgeni mkubwa aliuliza jambo kwa sauti ya chini. Bwana Duara akawa mwekundu zaidi ya kawaida yake, akamwita mlinzi.

"Watu wapi?" alisema. "Leo watu wote takuja. Wewe ita."

Liberatus alivuka daraja. Ng'ambo ya pili, kwenye tope, penye matete na bila jiwe hata moja la kufulia, walikuwa wamejaa. Wanawake walifua kwenye magogo. Mataniboi walikuwepo, wazee walikuwa wamechimba mashimo ya bao kwenye udongo, na kila mvua waliyachimba upya. Mtu alikuwa anamtukana mtu kwa sauti ya raha. Bibie alikuwa ametoka Boma pamoja na Verediana, na sasa alikuwa na karai jipya. Alikuwa na mwanya mpana ambao vijana walishauita Mlango wa Boma.

Verediana alikuwa amekaa kwenye kigogo, anauza ulanzi alionunua kwa watu wa Kihesa. Mkono uliungwa na mganga, ukaungika vibaya. Ulitazama pembeni kama mtu aliyekosana na mwili. Kwa mkono huo hangeweza tena kupinda mwanzi, hata kama angekuwa nao.

Liberatus alisimama mbele yake, vifungo vyote vimesuguliwa. Kelele zilikwisha mara moja.

"We mla mbwa," alianza, na sauti yake ile kubwa ikatoka nyembamba. "Bado hujafa?"

Verediana akasimama. Akapangusa kigogo chake kwa upindo wa kanga, akakisogeza mbele. Akainama kidogo, kama anavyoinama mtu mbele ya padri asiyemjua.

"Shikamoo, bwana," alisema.

Liberatus akarudi nyuma hatua moja. Sajini Anyitike na rungu lake hakuwahi kumpiga mtu namna ile.

"Vere."

"Karibu ukae, bwana. Kuna tope, samahani."

Akachota ulanzi, akampa kwa mkono mzima, huku ule mbovu ukigusa wa kwanza kwa heshima. Liberatus hakuipokea ile kata.

"Nitukane," Liberatus alisema. "Mbele ya watu hawa. Nimwagie huo ulanzi usoni. Nipasue pua tena, nitasimama tu. Vere. Nina watoto, nilikuwa na... Nitukane."

"Siwezi, bwana. Wewe ni mtu wa Serikali."

Liberatus akawageukia wengine. Aliwatazama mataniboi waliokuwa wakimwibia kofia kila Jumamosi. "Shikamoo, bwana," walisema, mmoja baada ya mwingine. Mzee wa bao, aliyekuwa na umri wa baba yake, naye akavua kofia. "Shikamoo, bwana."

"Nikifa," Liberatus alisema, "nani atanizika?"

Verediana alifikiri. Alionekana kweli anamtafutia jibu zuri.

"Serikali ipo, bwana," alisema. "Itakuzika vizuri sana."

Liberatus alirudi juu ya daraja peke yake. Hata mbwa hakumfuata. Bendi ilikuwa imeanza wimbo mwingine, na matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanaanguka kwenye mabenchi. Bwana Duara alimsubiri mwishoni mwa njia ya duara, mwavuli mkononi.

"Watu?" alisema. "Iko watu? Ndiyo au hapana?"

Nyuma ya Liberatus, ng'ambo, kelele zilikuwa zimerudi. Mtu alikuwa amesukumwa mtoni, wanawake wanapiga vigelegele, na sauti ya Verediana ilipanda juu ya zote, inamtukana Mngoni fulani, dereva mgeni wa lori la Njombe, na mababu zake wote, na panya wao.

Liberatus akafunga kifungo cha juu cha koti lake.

"Hapana, Bwana," alisema. "Hapana watu."